Milima ya Kampala na sala ya mtoto

Mwezi huu tunawaletea habari za safari yetu ya Kampala. Tulikuwa wazazi tisa na watoto sita: Wakatoliki, Walokole na baba mmoja Mwislamu. Tulikwenda na swali moja: mtoto aliyeona vita, tumfundishe vipi kusali? Kumwambia "Tulia!" ni rahisi. Lakini si mnajua, wapo watoto hapa kwetu waliotulia mno. Hawachezi, hawacheki. Utulivu wa namna hiyo unatutia wasiwasi.

Basi, toka Mbarara tulipita Masaka, tukavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, jioni tukaingia mjini.

Kesho yake tulipanda takisi mpaka Kyaliwajjala, tukatembea hadi Namugongo. Kanisa la Wakatoliki pale limejengwa mfano wa nyumba ya msonge ya Kiganda, na lina nguzo 22. Ni kwa ajili ya mashahidi 22 ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Waanglikana nao wana mahali pao hapo karibu, wanakumbuka mashahidi wao 23. Kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Mdogo wao aliitwa Kizito, miaka kama 14 hivi. Karoli Lwanga alimbatiza kule Munyonyo siku chache tu kabla. Inasimuliwa kwamba Kizito aliomba ashikwe mkono ili asiogope, na kwamba njiani alikuwa akicheka na kuongea na wenzake. Tulikaa chini ya mti tukalifikiria jambo hilo. Mtoto huyu hakujikaza awe shujaa. Aliogopa, akasema anaogopa, akashika mkono wa mkubwa wake. Mbele ya Mungu, hata sisi wakubwa tunaruhusiwa kufanya hivyo.

Siku ya pili tulipanda mlima wa Kibuli, penye msikiti maarufu. Baba yetu Mwislamu alitusimulia hadithi ya Mtume Muhammad: siku moja akiwa amesujudu, mjukuu wake alimpanda mgongoni. Mtume hakumsukuma. Alirefusha sijida mpaka mtoto amalize mchezo wake. Wamama wakacheka: "Kumbe!"

Mchana tukashika barabara ya Gayaza, tukapita Kalerwe mpaka mlima wa Kikaaya. Hapo lipo hekalu la Wabahai, lililofunguliwa Januari 1961. Lina pande tisa, na mtu wa dini yoyote anakaribishwa. Ndani hakuna mahubiri wala vyombo vya muziki. Ni kusoma maandiko, kuimba kwa sauti tu, na kunyamaza. Nje kuna bustani kubwa, majani mazuri, miti, upepo.

Mtoto mmoja wetu aliuliza, "Hapa hawatatufukuza?" Tukamwambia hapana. Basi wakaanza kubingirika kwenye mteremko. Kulikuwa na kijana wa miaka minane ambaye tangu afike kambini hatukumsikia akicheka. Kwanza alitazama tu. Halafu akalala chini, akabingirika, akapanda tena, akabingirika tena. Mara ya tatu tukamsikia. Mama yake alitaka kumwita kwa sababu ya shati, akaacha. Alikaa kwenye majani, midomo ikitikisika. Baadaye alituambia alikuwa anashukuru, na kwamba miaka mingi sala haikumtoka hivyo bila kuisukuma.

Wazazi wenzetu, huku kwetu hatuna bustani ya namna ile. Lakini yafuatayo tunaweza:

- Sala ya jioni iwe fupi, na mtoto achague wimbo.
- Mtoto akicheka katikati ya sala, asipigwe. Ngojeni amalize, muendelee.
- Anayeogopa giza ashikwe mkono wakati wa kusali. Asilazimishwe kusema kitu.
- Baada ya ibada, waacheni na mpira wao wa makaratasi dakika chache kabla ya kuwatuma maji.

Yesu aliwakataza wanafunzi wake kuwazuia watoto. Na sisi wakubwa tukiwafuata nyuma, tutafika.

Kijana wetu yule sasa anacheza karibu na bomba la maji, na shati lake linachafuka kila siku. Mama yake analifua.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.