Mstari Mmoja wa Jina

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mzani. Nilikuwa karani wa chama cha msingi upande wa Masasi miaka ile mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza, 2007, kisha nikapanda Newala kumfuata mume wangu, aliyekuwa mwalimu. Mkulima akileta korosho tunapima, naandika jina, kilo na daraja, namkatia stakabadhi. Korosho zinakwenda ghala kuu, zinanadiwa, na fedha inarudi kwa jina lile lile. Mara nyingi magunia yaliletwa na mwanamke pamoja na wanawe, lakini jina alilolitaja lilikuwa la mwanamume. Hakuna aliyeona ajabu. Daftari lilikuwa na mstari mmoja tu wa jina. Malipo yalipohamia benki, jina likapata akaunti, na mwenye kadi akawa ndiye mwenye msimu.

Kwa hiyo sikuingia katika mambo ya talaka kwa kupenda sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilipotutambua wasaidizi wa kisheria, nikapata mafunzo, na watu wakaanza kunijia kwa kuwa walijua naweza kuzisoma karatasi za korosho. Wengi huja Januari na Februari, minada ikishapita na fedha ikishamfunua kila mtu alivyo. Kwetu talaka nazo zina msimu.

Anayekuja huanza na tabia za mwenzake: ulevi, nyumba ndogo, matusi mbele ya wakwe. Namsikiliza, maana asipoutua mzigo huo hatashika kalamu. Halafu namuuliza: wewe ulifanya nini, mwaka gani, nani alikuona? Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi, pamoja na madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto. Hapo kwenye kazi ndipo wanawake wengi wa huku wanaposimama. Shida ni kwamba palizi haina risiti.

Huwasimulia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, Jaji Mkuu akiwa Nyalali. Ndiyo iliyosema kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika kuchuma mali. Wakinamama hufurahi, wengine hupiga vigelegele. Hapo inanibidi niwamalizie: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mume alikwishampa fedha za kuanzisha mradi, na mahakama ikaona alizitapanya. Ndiyo maana katika jalada la ushahidi ninalomwandalia mtu yanaingia na yale yasiyompendeza. Mkopo ulioishia kwenye sherehe ya unyago, uandike. Mwenzako atautaja tu, na heri hakimu ausikie kwako kwanza.

Karatasi inayotangulia zote wala haihusu mali. Ni Fomu Namba 3, hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa kwamba limewasikiliza na limeshindwa kuwapatanisha. Baraza linaweza kuwa la kata, la Waislamu chini ya BAKWATA au la kanisa. Nimeona watu wakienda mahakamani na barua ya mtendaji, au na kikaratasi cha mume chenye talaka tatu, wakidhani yamekwisha. Kesi inasikilizwa, hukumu inatoka, mali inagawanywa, halafu kwenye rufaa yote yanafutwa kwa kukosa hati ya baraza.

Mwanamke mmoja wa upande wa Kitangari alikuja na mfuko uliokuwa wa salfa, dawa ya mikorosho, ndani yake cheti cha ndoa na kadi za kliniki za watoto. Shamba, akaunti, pikipiki na nyumba ya bati vyote vilikuwa kwa jina la mume. "Dada, mimi sina karatasi," akaniambia. Tukanunua kauntabuku, tukagawa kila ukurasa kwa miaka. Kadi za kliniki ndizo zilizotupa tarehe: mtoto huyu alikuwa anachanjwa zahanati ya kijiji kile mwaka ule, basi mama alikuwa anaishi pale, na mikorosho ilikuwa bado michanga. Kitabu chake cha VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, kilionyesha mkopo aliouchukua Juni, mwezi wa kupulizia. Saini yake ilikuwa kwenye orodha ya mgao wa salfa, mume akiwa safarini. Vibarua wawili walikumbuka nani aliwalipa palizi. Kila karatasi ikiwa peke yake haikusema kitu. Zilipopangwa kwa mwaka, palionekana mtu.

Nilimkataza jambo moja: asichukue kadi ya benki wala stakabadhi za mumewe. Piga picha, rudisha, nakala ikae kwa dada yako. Taarifa ya benki ya mwenzako mahakama inaweza kuagiza iletwe, ila uwe umeiomba.

Wasiotujua hudhani jalada ni silaha ya mwanamke tu. Sisi Wamakua, Wamakonde na Wayao tunahesabu ukoo kwa mama, na kwa desturi mwanamume huhamia kwa mkewe, akapewa pori na mjomba wa mke. Analifyeka, anapanda mikorosho, anazeekea hapo. Ndoa ikivunjika anaambiwa abebe nguo zake. Mmoja wa aina hiyo alinijia akitamba kwamba jina lake lilikuwa kwenye daftari la chama, na kwamba mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, shamba lilihakikiwa kwa jina lake. Nikamwambia, mjomba, jina linaonyesha nani aliuza. Ardhi ya ukoo hatuigusi. Tunachodai ni ulichokiongeza juu yake, na hicho lazima kihesabike.

Tukaenda shambani na mtendaji, majirani wa mipaka, na mke naye akiitwa rasmi, kwa sababu hesabu ya upande mmoja ni ugomvi mwingine. Iliandikwa miti ipi ilikutwa, ipi ilipandwa, miche ipi ilitoka kituo cha utafiti cha Naliendele. Mke alisema palizi ya miaka yote hiyo hakuifanya mwanamume peke yake, nalo likaandikwa. Aliyenishangaza ni mjomba wa mke. Nilitegemea akanushe, akasema mbele ya wote: "Nilimpa msitu. Mkorosho hapa haukuwepo hata mmoja."

Mahakama haikumpa miti. Ilimpa sehemu ya thamani yake, ilipwe kwa fedha baada ya kila mnada, na mke akabaki na shamba la ukoo wake. Mwanamume alinung'unika, akisema alitaka kivuli chake alichokipanda mwenyewe. Nikamwambia aende chamani akaombe jina la mke liingizwe daftarini kabla msimu haujafunguliwa, na kila malipo yakipita achukue nakala yenye muhuri.