Shuka la Mtoto Hupimwa kwa Godoro Lake

Kitanda cha mtoto kinachofika kwetu Mtunda hakina kipimo maalumu. Seremala wa Kibiti au Bungu anakiunda kwa mbao alizonazo siku hiyo, au mjomba anakituma kutoka Dar es Salaam kikiwa kimeshalea watoto wa nyumba mbili. Godoro nalo linafuata kitanda: sponji inanunuliwa kubwa, inakatwa kwa kisu mpaka iingie. Kwa hiyo shuka la dukani, au lile la mtumba lenye picha za vikaragosi, halikai. Likizidi, linakusanyika katikati. Likipungua, linachomoka pembeni usiku, na alfajiri mama anamkuta mtoto yuko kwenye sponji tupu na shuka limemzonga kifuani. Mimi ni fundi cherehani, na huko kuzongwa ndiko kunakonifanya nikatae kushona shuka la mtoto kabla sijajua vipimo vya godoro lenyewe.

Nikiletewa kipimo cha shubiri, namrudisha aliyekileta kwa adabu, hata akiwa mtu mzima wa kumpa shikamoo. Nataka urefu, upana na unene. Unene ndio wanaousahau wengi, na ndio unaoamua kila kitu. Tuseme godoro lina urefu wa sentimita 100, upana 55 na unene 8. Kila upande naongeza hizo 8 za unene, nyingine 8 za kuingia chini ya godoro, na 2 za pindo la kupitishia lastiki. Napata kitambaa cha sentimita 136 kwa 91. Upande mmoja wa kanga, ambao kwa kawaida hukaribia 150 kwa 110, unatosha, na masalio yanafaa kwa vitambaa vya kufutia cheu.

Kanga ndicho kitambaa ninachokipenda kwa kazi hii, tena kanga ya zamani kuliko mpya. Kanga mpya ina wanga, inachuja rangi na kurudi ikifuliwa. Mtu akiniletea mpya namwambia kwanza ailoweke, aifue na kuianika, ndipo ije mezani. Ile ya bibi iliyofuliwa miaka yote haina tena cha kurudi. Ni laini, inapitisha hewa na inanyonya jasho. Tetroni inang'aa na haikunjiki, lakini kwa joto la huku mtoto anaamka na vipele shingoni. Naikata kanga kwa kupunguza pande zote sawasawa, mji ukae juu, jina liangukie ubavuni mwa godoro. Wanawake wanalijali hilo. Kanga aliyopewa mtu na mama yake haitaki kupotezwa maneno yake.

Kazi yenyewe iko kwenye pembe nne. Kila pembe nakata mraba wa sentimita 17, kisha naunganisha kingo mbili za mraba huo kwa mshono wa sentimita moja, na hapo kitambaa kinasimama kama mfuniko wa boksi. Cherehani yangu ni Butterfly ya kukanyaga, inashona mstari ulionyooka tu, na ovaloki sina. Hivyo kila pembe naishona mara mbili: kwanza kwa nje, karibu kabisa na ukingo, kisha nageuza na kushona tena kwa ndani, nyuzi zote zifungiwe humo. Anayetazama haraka ataona nachelewesha kazi. Lakini uzi mmoja uliochomoza unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto, ukakaza, kidole kikavimba, na mama akahangaika na kilio usiku kucha bila kujua kinatoka wapi. Mtoto akilia bila sababu inayoonekana, mvueni soksi, mtazame vidole kimoja kimoja.

Kwa godoro hilo natumia lastiki ya sentimita 200 kuzunguka pindo lote. Wapo wanaoweka pembeni tu ili kuokoa senti, na shuka lao linashika mwezi wa kwanza tu. Lastiki inauawa na jua na sabuni ya unga, haikwepeki. Kwa sababu hiyo pindo silifungi lote. Naacha uwazi wa vidole viwili upande wa miguuni, chini ya godoro, ili ikilegea mama achomoe ya zamani na kupitisha mpya kwa pini, bila kurudi kwangu. Akimaliza, pini atoe na ncha za lastiki azishone kwa mkono, zisibaki na fundo la kuning'inia. Kamba ya kuvuta na kufunga siweki kabisa, hata nikiombwa. Kamba na shingo ya mtoto havilali kitanda kimoja.

Suala la mto ndilo gumu zaidi, kwa kuwa anayeutaka mara nyingi ni bibi. Huku vifaa vya mtoto havitangazwi mapema. Oda inakuja mama akiwa ndani ya arobaini, na bibi ndiye anayetembea. Mmoja aliniambia, "Mwanangu, mtoto alale bila mto, kichwa kitakaaje?" Nikamjibu, "Bibi, kichwa kitakaa vizuri. Mtoto huyu hawezi kujigeuza. Pua ikizama kwenye sufi, hana nguvu ya kuitoa." Alinyamaza, akauliza bei ya shuka peke yake.

Sikulipata hilo kwa kubuni. Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 1992 kwamba mtoto mchanga asilazwe kifudifudi, na mwaka 1994 kampeni ya kulaza watoto chali ikaenea nchi nzima kwao. Vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Mwaka 2022 nchi hiyo ikapitisha sheria ya kupiga marufuku kuuza mito ya kuzungushia ubavu wa kitanda cha mtoto. Mito hiyo hiyo leo inapendeza kwenye picha za simu, na wateja wananionyesha wakitaka niige. Nakataa. Godoro gumu, shuka moja lililokazwa, mtoto chali, basi. Godoro la sufi tulilolelewa nalo nalitenga na kitanda cha mtoto mchanga, maana linabonyea na kuacha shimo pale kichwa kilipo.

Kukojoa nako kuna hatari yake. Akina mama wengi wanatandika mfuko wa nailoni chini ya mtoto, na nailoni nyepesi ikitoka mahali pake inaweza kumfunika uso. Wanaonisikiliza nawashonea ganda la mpira mzito kwa kipimo kile kile cha godoro, lenye lastiki yake, kisha shuka linapanda juu. Mishono yote ya ganda naiweka ubavuni, kwani tundu la sindano likiwa juu mkojo unapita, na sponji ikishanyonya haikauki kwa unyevu wa delta ya Rufiji. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoingia nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti, sikukubali kushonea godoro la mtoto mchanga lililolowa maji ya mto. Linakauka nje, ndani linabaki na tope na harufu.

Halafu kuna dungu. Msimu wa mpunga familia zinahamia bondeni, zinakaa kwenye vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, zikilinda shamba na ndege na nguruwe. Kitanda hakiendi huko, mtoto anakwenda. Hapo nashona ganda la kuvalisha jamvi lililokunjwa mara mbili: pembe zile zile, ila linazama zaidi chini ili upepo unaopenya sakafu ya fito usilipeperushe. Chandarua kinashuka mpaka kichomekwe chini ya jamvi pande zote, na shuka lililokaa sawa linaruhusu kukichomeka bila kufumua kitu. Zamani chandarua kilikuja kwa Hati Punguzo, mpango ulioanza mwaka 2004. Sasa mjamzito anapewa kliniki. Nawasihi wasikikate ili kukipunguzia kitanda kidogo. Kining'inie kikubwa, ziada ichomekwe.

Ninalolitaka sasa liko mikononi mwa maseremala. Wakubaliane kipimo kimoja, hata hicho cha 100 kwa 55, fito za ubavuni ziachane sentimita 6 zisizidi, na godoro lisiache upenyo wa zaidi ya vidole viwili pembeni. Wakifanya hivyo, nitakata mashuka mapema na kuyatundika dukani tayari, na yule baba anayekuja mbio jioni, mkewe amejifungua kabla ya miezi kutimia, ataondoka na shuka mkononi.