Waliombeba Daktari

Katika vitabu tulivyosomea shuleni, habari za Daktari Livingstone zilikuwa na mistari miwili ya kukariri: alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, akazikwa London mwaka 1874. Baina ya mistari hiyo palikuwa na karibu mwaka mzima, na bara zima la kuvuka, lakini mtihani haukuuliza, na swali lisiloulizwa katika mtihani halina mwenyewe.

Nilipostaafu nikalichukua mimi. Alifikaje huko? Raha ya kujisomea historia ni hiyo kwanza, kwamba hakuna anayekuharakisha wala anayekusahihisha. Nilianza na atlasi na uzi. Niliutandaza uzi kutoka kusini ya ziwa Bangweulu hadi Tabora, kisha hadi Bagamoyo, nikaupima. Ulinipa zaidi ya kilomita 1,500, na uzi hauzunguki vinamasi.

Kisha nikaazima shajara za mwisho za Livingstone, alizozihariri Horace Waller na kuzitoa mwaka 1874. Wengi huzisoma kwa ajili ya marehemu. Mimi nilizisoma kwa ajili ya kurasa zinazofuata kifo chake, ambazo Waller alizipata kwa Susi na Chuma. Matumbo na moyo vilizikwa chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Nassick huko India, akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa majuma mawili, wakaufunga kwa nguo na gome la mti.

Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Mbele ya hapo, walipotambua kwamba wenyeji hawataruhusu maiti ipite, walitengeneza mzigo wa bandia, wakaurudisha nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika. Maiti yenyewe wakaifunga kama robota la nguo za biashara, wakapita nayo. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, hata watu wa nyumbani wakaja kuuliza kulikoni.

Kwa nini walifanya yote hayo? Wako wanaosema ni mapenzi kwa bwana wao. Wengine husema ni ujira, au hofu ya kushtakiwa kwamba wamemuua. Mimi sioni haja ya kuchagua moja, maana watu wote hao hawakuwa na moyo mmoja. Lakini neno la utumishi mwaminifu, linalopendwa sana, halinitoshi. Mtu anayemkatalia Luteni hafuati amri ya mtu. Aliyekuwa akiwaamuru alikuwa amekwisha kufa. Yale yalikuwa maamuzi yao, na waliyatoa katika mkutano wao.

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Mwili ukapokewa, wakalipwa mishahara yao, kazi ikawa imekwisha. Wainwright peke yake alisafiri na jeneza. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, wakakuta mazishi ya Aprili 18 yamekwisha kupita.

Kitabu kimoja hukutuma kwa kingine, kama mtoto anavyotumwa kwa jirani. Nilitumwa kwa Donald Simpson, ambaye mwaka 1975 alitoa kitabu kizima, Dark Companions, juu ya Waafrika waliowaongoza wapelelezi wa Kizungu. Humo nikamkuta Chuma tena, akiwa kiongozi wa msafara wa Joseph Thomson, kijana ambaye mkubwa wake, Keith Johnston, alifia njiani mwaka 1879. Nikamfurahia kama mtu anayekutana na jamaa yake stesheni.

Siku hizi ninamfuata Halima, mke wa Amoda, aliyekuwa mpishi wa Livingstone. Daktari aliandika kwamba atamwachia huru na kumnunulia nyumba na bustani Unguja, watakapofika. Waller ameongeza hapo kwamba Halima aliifuata maiti mpaka Unguja, na kwamba ni jambo zito kuona kifo hicho kimemwacha bila malipo kwa utumishi wake wa muda mrefu. Maneno hayo yamo katika tanbihi, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo ambazo macho yangu hayazisomi tena bila miwani.