Jaribu Kidogo Kwanza

Watu wengi wa vijiji vyetu wana hamu ya kuanza biashara, na hamu hiyo ni njema. Lakini mara nyingi twaona mtu huuza ng'ombe wake, hujenga duka zuri la mabati, hulijaza vitu avipendavyo mwenyewe, kisha hukaa mlangoni akiwangoja wanunuzi wasiokuja. Mwaka haujaisha, duka limefungwa, na ng'ombe hayupo. Mtu huyu hakukosa bidii wala fedha. Alikosa kujua watu wanataka nini kabla ya kuitumia mali yake yote.

Iko habari moja ya nchi ya Kenya ifaayo kutufundisha, nayo ni ya M-Pesa. Kampuni ya Safaricom pamoja na Vodafone ya Uingereza walikuwa na wazo la kuwasaidia watu wakopao fedha kidogo kidogo, wapate kulipa mikopo yao kwa simu. Wazo lilionekana jema, lakini hawakulieneza mara moja katika nchi nzima. Mwezi wa Oktoba 2005 walilijaribu Nairobi na Thika tu, kwa watu wapatao 500, wakaangalia watu wale watafanya nini.

Wakaona mambo wasiyoyatazamia. Wengine walipelekeana fedha wao kwa wao. Wengine wenye safari waliweka fedha walikotoka, wakazitoa walikofika, ili wasinyang'anywe njiani. Tena ile kazi ya mikopo, iliyokuwa ndiyo shabaha ya kwanza, ilileta taabu katika hesabu. Wangeweza kusema, "Watu hawa hawakuelewa, na wafundishwe." Lakini waliiacha shabaha yao wakaifuata haja ya watu. Machi 2007 walipoifungua kazi kwa nchi nzima, tangazo lao lilikuwa la kutuma pesa nyumbani, na kila aliyekuwa na mama kijijini alilielewa. Kabla ya mwaka kutimia, waliojiandikisha walipita milioni 1.

Labda mtu atasema, "Hayo ni ya makampuni makubwa." Sivyo. Akina mama wa usharika wetu waliweka akiba mwaka mzima, na ndani yake zilikuwamo senti za wajane. Walitaka kujenga tanuri kubwa la mikate. Mzee mmoja akawashauri waoke kwanza kwa sufuria, makaa juu na chini, wakauze gulioni. Kabla ya hapo kila jirani alikuwa ameisifu mikate mikubwa. Lakini siku ya gulio wale waliosifu waliipita, wakauliza kama ipo midogo ya watoto waendao shule. Basi wakaoka midogo, ikaisha mapema. Mwisho walijenga tanuri dogo, na akiba iliyosalia ingali salama.

Hapa yatupasa kuangalia sana. Jirani mwenye adabu hatakuambia usoni kwamba kitu chako hakimfai. Atakusifu, kisha ataondoka. Kwa hiyo usisikilize kinywa peke yake. Angalia mkono unaotoa fedha, nao unanunua nini, siku gani, na kwa kiasi gani. Asiyenunua umwulize kwa upole sababu yake, wala usimkasirikie akikueleza kweli. Kuuliza si ujinga.

Bwana wetu alifundisha ya kuwa atakaye kujenga mnara yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa kwa kushindwa kuumaliza. Katika biashara, gharama haihesabiwi kwa kukisia. Huhesabiwa kwa kujaribu kidogo, kwa kiasi ambacho kikipotea watoto wako hawatalala njaa.