Jino alilolificha Baba Neema

Picha yetu ya harusi iko ukutani sebuleni, na kwa miaka 11 wageni wamekuwa wakiniuliza mbona bwana harusi kanuna. Hakununa. Baba Neema ni mtu wa kucheka sana, ila hucheka kiganja kikiwa mdomoni. Nilidhani ndivyo alivyolelewa.

Mwaka jana mtoto wetu wa pili alitimiza miaka 8. Meno yake mawili ya mbele ya juu yalikuwa yameng'oka karibu pamoja. La kushoto likaota upya, kubwa, zuri. La kulia kimya. Mama mkwe akasema tusubiri, kila mtoto na siku zake, nami nikakubali kwa sababu hata Neema alichelewa kuota meno. Shuleni wakaanza kumwita Pengo. Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akawa hataki kupigwa picha, na siku moja nilimkuta mbele ya kioo akijikandamiza fizi kwa kidole gumba mpaka damu inatoka.

Tulipofika kwa daktari wa meno, miezi kama 10 ilikuwa imepita. Eksirei ikaonyesha kijino kilichochongoka kama ncha ya penseli, kimejificha ndani ya mfupa juu ya lile pengo. Mtoto ana meno 20 ya utotoni, mtu mzima 32. Hiki hakikuwamo kwenye hesabu, na kilikuwa kimelizibia njia jino la kudumu lisishuke. Daktari alisema meno ya ziada hupatikana zaidi taya la juu, katikati ya yale mawili ya mbele, na kwa wavulana kuliko wasichana. Mengine hukaa kimya maisha yote. Mengine huwapinda wenzao, au huacha mwanya, au huzungukwa na uvimbe wa maji ndani ya taya. Jino moja la mbele likishaota, mwenzake akapitisha miezi 6 bila kuonekana, mtoto apelekwe akaangaliwe. Nikahesabu miezi yetu kimoyomoyo, nikainamisha kichwa.

"Kwenye ukoo kuna mwenye jino la ziada?" akauliza.

Nikajibu hapana, upesi kabisa. Baba Neema alikaa kimya, kisha akainua uso na kufungua kinywa. Nyuma ya meno yake ya mbele, kwenye kaakaa, kulikuwa na kijino chenye ncha kama kile cha kwenye picha. Msinicheke wasomaji. Jino la mahali pale halionekani mpaka mtu acheke akitupa kichwa nyuma, na mume wangu hakuwahi kucheka hivyo mbele yangu.

Jioni ile mama mkwe alinieleza. Zamani, mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, akaogopwa kwamba ataleta vifo nyumbani. Mwanawe hakuwa kigego, lakini majirani hawakujali tofauti. Jino lolote la ajabu lilikuwa maneno. Basi akamfundisha kuziba mdomo. "Nilikuwa namlinda, mwanangu," akaniambia. Nilikuwa nimemkasirikia kwa ile tusubiri yake. Sikupata la kumjibu.

Mtoto alichomwa ganzi, kijino kikatolewa, akashonwa nyuzi chache, akanywa uji siku mbili akilalamika. Baada ya miezi mitano ncha nyeupe ilitokeza. Limekaa upande kidogo, huenda baadaye likahitaji kuvutwa kwa waya, na gharama ya waya tutaijua tukifika huko.

Baba Neema aliambiwa lake halina madhara kwa sasa, ila apige mswaki vizuri maana chakula hunasa pale; akitaka kuling'oa aende. Bado hajaamua. Mwanawe humwomba karibu kila jioni alione tena, na yeye hukaa chini ya taa, akafungua mdomo.