Ndege ya Sentimita Arobaini

Wapo majirani wanaoniona nimeketi barazani, wembe mkono mmoja na msasa mkono wa pili, nikilisugua bawa la ndege ya plastiki, nao hujiuliza iwapo mzee huyu aliyekuwa mwalimu mkuu amerudia utoto. Siwalaumu. Lakini watu wa rika langu tuliunda magari ya mabua na waya kabla hatujajua kusoma, na sikumbuki siku niliyoambiwa kwamba sasa basi.

Tena ualimu wenyewe ulinirudisha huko huko. Chuoni tulifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa maboksi, udongo na vifuniko vya chupa, na kabla ya kushika mkasi ilitupasa kueleza skeli. Ndege hizi ndogo aghalabu huwa za skeli ya 1:72, nayo ni hesabu ya Kiingereza: mtu wa futi sita anakuwa inchi moja kamili. Vifaru vina kisa kingine. Kampuni ya Tamiya ya Japani, ilipounda kifaru cha Kijerumani cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipima kwanza nafasi ya kuweka mota na betri ndani yake. Ndipo ikapatikana 1:35, na ulimwengu mzima ukafuata. Vita vikubwa vile, na kipimo cha ukumbusho wake kimeamuliwa na betri!

Huniuliza pia: mwalimu mzima, kwa nini silaha? Swali hili ni la haki, nami sina jibu jepesi. Najua tu kwamba vielelezo hivi viliwahi kuwa kazi ya shule. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa nchi hiyo wachonge kwa mbao ndege laki tano, za skeli hiyo hiyo ya 1:72. Kielelezo kikitazamwa kutoka futi 35, huonekana kama ndege halisi iliyo karibu nusu maili. Vilipakwa rangi nyeusi tupu, kwa maana aliyevitazama hakuhitaji madoido. Alihitaji kujua umbo lile ni la rafiki au la adui, naye akiwa chini anatazama juu.

Neno hilo, chini, nilifundishwa na marehemu baba yangu.

Baba alikuwa askari wa Keya. Alikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua za mwaka 1944, kuelekea mto Chindwin. Njia zilikuwa tope, malori yalizama, na chakula kilidondoshwa kwa ndege. Hayo nimeyasoma vitabuni. Kwake yeye tulipata maneno machache sana: mvua, homa, na majina ya wenzake wawili ambayo aliyataja akiwa peke yake.

Katika miaka ya 1990 rafiki yangu aliyekuwa ng'ambo aliniletea boksi la Dakota, ndege ya mizigo ya vita vile. Ndege halisi ina mita 29 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Yangu ilipata sentimita 40. Niliipaka rangi ya kijani juu kwa uangalifu, nikabandika alama za Waingereza, nikaiweka mezani mbele ya baba. Aliitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya arusi ya watu asiowajua.

Kisha akaichukua, akainyanyua juu ya kichwa chake, akaitazama tumbo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu mpaka mkono ukaanza kutetemeka.

"Ndiyo hii," alisema. "Lakini mlango umefungwa."

Akanieleza. Mlango mkubwa wa ubavuni uling'olewa kabisa, upande wa kushoto, karibu na mkia. Magunia ya mchele yalishonwa mawili mawili, moja ndani ya jingine, ili la ndani likipasuka la nje lizuie. Mengine hayakuwa na mwavuli. Gunia likikuangukia limekuua, kwa hiyo walikimbia huku wanashangilia. "Njaa na kifo vilitoka mlango mmoja," alisema, akacheka. Sikuwahi kumsikia akisema mengi kama jioni ile.

Basi niliukata mlango kwa wembe, kazi ya siku mbili, maana plastiki ya ubavuni ni nyembamba na hupasuka ovyo. Nilifinyanga magunia kwa udongo, kila moja milimita kumi na mbili. Nikaweka mtu mmoja mlangoni, amesimama wima, mikono mbele, anasukuma.

Baba akainyanyua tena juu ya kichwa.

"Huyo ataanguka yeye na gunia lake," alisema. "Ndege ilipita chini, tuliwaona. Walilala chali wakasukuma kwa miguu. Sisi tuliona nyayo."

Nikamng'oa yule mtu, nikakaa na taa hadi usiku wa manane nikichonga nyayo mbili, kila moja haifiki milimita nne.