Thiers: Pini au Skrubu?

UKITOKA Clermont-Ferrand, katikati ya Ufaransa, ukasafiri kilomita 40 hivi kuelekea mashariki, utauona mji uliojibanza ubavuni mwa mlima kama viota vya mbayuwayu. Huo ndio Thiers, mji ambao umekula na kuvaa kutokana na visu tangu Enzi za Kati.

Bondeni unapita mto Durolle. Si mto mkubwa, lakini unateremka kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo iliyozungusha mawe ya kunolea kwa karne nyingi. Wanoaji walilala kifudifudi juu ya mbao, uso ukielekea jiwe na maji baridi, huku mbwa wao wamelala juu ya miguu yao ili kuwatia joto. Usicheke, msomaji. Baridi ya huko si ya Limuru!

Panda sasa hadi barabara ya Coutellerie, kwenye makumbusho ya visu, ambako mafundi huwaonyesha wageni kazi yao. Kisu cha kukunja kina vipande vichache tu: ubapa, springi, vibamba vya chuma, na mpini wa pembe au mti. Je, vyote hivyo vishikwe na nini?

Fundi wa jadi hutumia pini. Hupitisha kijiti cha shaba au chuma katika matundu, hukikata kikabaki kimechomoza kidogo, kisha hukigongagonga kwa nyundo ndogo hadi ncha itanuke na kujaza tundu. Akigonga kidogo mno, ubapa utachezacheza. Akizidisha, utamvunja mtu kucha akijaribu kuufungua. Hana kipimo ila mkono wake na sikio. Pini ni pambo pia. Kwenye visu vya aina ya Laguiole, vingi vikiundwa papa hapa Thiers, pini ndogo hupangwa mpinini kwa umbo la msalaba, nao husimuliwa kuwa wachungaji walisali mbele yake wakiwa malishoni, mbali na kanisa.

Visu vingi vya kisasa vina skrubu. Mwenyewe hukifungua kisu chake, akatoa mchanga, akatia mafuta na kukaza tena. Ubapa ukivunjika hubadilishwa. Cha pini, sharti pini itobolewe kwanza, na mpini waweza kupasuka. Ubaya ni kwamba skrubu hulegea kwa kufungua na kufunga kila siku, na nyingi zina kichwa cha umbo la nyota kisichokubali bisibisi ya nyumbani.

Kwa mvuvi wa Lamu, anayepambana na chumvi na mchanga, ningesema skrubu. Kwa kisu cha kumenyea machungwa nyumbani nachagua pini, wala si kwa urembo. Kikilegea, fundi yeyote wa jua kali pale Gikomba mwenye nyundo na kipande cha reli atakikaza kwa mapigo mawili matatu. Skrubu iliyo ndogo kuliko punje ya mtama ikipotea, utaitafuta wapi?

Kabla ya kulipa, kifungue kisu, shika ubapa karibu na ncha, usukume kushoto na kulia. Ukitikisika, kirudishe mezani. Na uwanjani pa ndege kitie ndani ya sanduku unalokabidhi, si mkobani, la sivyo kitabaki Ufaransa.